Mzee Hakai wa Barua za Ng'ambo Anastaafu

Ijumaa, tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, Mzee Hakai atafunga kabati la barua za ng'ambo baada ya kulitumikia miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Kwenye faili la kazi ana jina jingine, lakini hata mkuu wa posta yetu humwita hivyo, kwa sababu hajawahi kuonekana amekaa. Kiti alichopewa miaka ishirini iliyopita bado kinang'aa kama kimetoka dukani jana.

Alianza kwa kufungua magunia, akawa mchambuzi wa barua, kisha msimamizi wa barua za ng'ambo, kazi ambayo wenzake wote waliikimbia. Si ajabu. Huko ndiko wanakokuja watu waliochoshwa na kusubiri, na aliyechoka hutafuta wa kumsema. Gari la barua likichelewa robo saa, Mzee alikuwa ameshatoka mlangoni mara tatu na kupiga simu uwanja wa ndege mara mbili. Neno "imepotea" alilipiga marufuku. Kwake yeye barua haipotei, inazurura tu.

Na zilizurura kweli! Kalenda ya mwaka mpya ilimfikia mwalimu mmoja mwezi wa tisa. Mzee akamkabidhi kwa heshima zote: "Mwalimu, usinune. Desemba yako haijaguswa." Miwani ya bibi mmoja ilipelekwa mara mbili kwenye nchi ambayo jina lake linafanana kidogo na la kwetu. Mzee akaandika barua kali ya malalamiko. Nayo ikapelekwa huko huko. Sisi tulicheka wiki nzima, yeye akazunguka meza wiki nzima, mpaka siku ile bibi alipoivaa miwani yake, akamtazama na kusema, "Kumbe wewe ni kijana, baba!"

Mimi wa dirisha la stempu nina langu pia, na mnivumilie, ndoa yangu ina wiki sita tu na moyo bado unaruka. Mchumba wangu, ambaye sasa ni mume wangu (jamani, neno tamu hili!), anafanya kazi ng'ambo. Msajili wa ndoa alitaka hati halisi ya kuthibitisha kwamba hana mke huko. Akaituma kwa posta ya rejista, ile ya kusainiwa. Ikapita wiki ya tatu, ya tano, ya tisa. Mwenyewe akapanda ndege, akafika kwa muda wa saa tisa, hati bado! Msajili akasema tusipoileta kufikia Ijumaa asubuhi, tangazo letu la ndoa litaisha muda na tutaanza upya. Ruhusa ya mchumba kazini ilikuwa inaisha Jumapili. Shangazi naye akaanza: "Mwanangu, una hakika kweli huko hana mtu?" Sikula, sikulala.

Alhamisi Mzee alimwaga magunia yote sakafuni, namba ya rejista mkononi. Akaikuta humu humu ndani, ina siku kumi na moja, kwenye rafu ya barua zisizo na mwenyewe, tayari kurudishwa ilikotoka kwa gari la saa nane. Mpenzi wangu, kwa mahaba yake, alikuwa ameandika juu ya bahasha: "Kwa Kipusa Wangu, Posta Kuu." Basi!

Chumba kizima kilipasuka. "Kipusa ni nani humu? Au ni wewe, mkuu?" akauliza mchambuzi mmoja. Mkuu hakucheka. Alisema rejista haitolewi kwa jina la mahaba, irudi. Machozi yakanitoka.

Lakini Mzee anazijua kanuni kuliko anavyoijua njia ya kwao. Barua isiyokabidhiwa bado ni ya aliyeituma, na mtumaji ana haki ya kusahihisha anwani. Akatoka mbio, akarudi akimvuta mchumba wangu kutoka kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu, kitambaa kingali shingoni. Risiti ikatolewa, fomu ikajazwa. Mbele ya foleni nzima akaulizwa Kipusa ni nani, naye akaninyooshea kidole huku jasho likimtiririka. Saa saba na dakika hamsini nilisaini. Kesho yake saa tatu asubuhi tulioana.

Sasa wanataka cheti chetu cha ndoa huko anakofanyia kazi, tena chenyewe halisi, tena kwa posta, ndipo niruhusiwe kumfuata. Nahesabu siku kabla hata sijakituma. Tumeomba kiwe barua ya mwisho kupigwa muhuri na mkono wa Mzee, Ijumaa hiyo, kabla ya kabati kufungwa.

Mzee wetu, wafanyakazi wote tunakushukuru kwa miguu yako na kwa ubishi wako. Hatujui cheti kitafika lini. Kikifika, tutakuja kukupigia hodi, wewe na mama. Mungu akupe afya na umri mrefu, mrefu hata kuliko safari ya bahasha hiyo.