Taa ya Kushoto ya Mzee Nikodemo

Ndugu waombolezaji mliotoka Mpui, Namanyere na Mbeya, nanyi majirani wa Katandala mliofika hapa kabla hata turubai halijafungwa, familia imenituma mimi Tito, mtoto wa pili wa marehemu, niwasomee maisha ya baba yetu kama alivyoyaishi, bila kumpunguzia wala kumwongezea.

Mzee Nikodemo Christopha Sikazwe alizaliwa Mpui tarehe 14 Machi 1954, akiwa mtoto wa nne wa mzee Christopha na mama Mariana, akasoma shule ya msingi hapo hapo Mpui kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, ambako alisifika kwa hesabu na kwa kufungua redio za watu bila ruhusa. Mwaka 1976 aliajiriwa katika karakana ya reli Mbeya, akapangiwa kutunza taa za vichwa vya treni, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mitatu, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2009 na kurudi Sumbawanga, mji ambao hauna hata futi moja ya reli, jambo ambalo majirani hawakuacha kumtania.

Tarehe 9 Oktoba 1982 alifunga ndoa na Rozina, binti wa Mpui pia, wakajaliwa watoto watatu, Herieth mwaka 1984, Tito mwaka 1988 na Precious mwaka 1993, pamoja na wajukuu watano. Kwa ajili ya Herieth alipotimiza miaka mitatu, marehemu aliunda kichwa chake cha kwanza cha treni kwa mbao na bati la kopo la mafuta, kikubwa kama kiatu, chenye taa za betri, na tangu hapo hakuacha, wala hakutoa hata kimoja kisichowaka, maana alisema kichwa cha treni kisicho na taa ni kopo tu.

Lenzi za taa hizo alizitengeneza mwenyewe kwa mrija wa kalamu unaopitisha mwanga, akiuyeyusha ncha juu ya mshumaa mpaka tone lijikusanye, akilikata kwa wembe, akilisugua kwa msasa kisha kwa dawa ya meno, na kulipaka vanishi kidogo ili mwanga uwe wa manjano kama wa treni za ujana wake. Lenzi iliyokamilika haikuzidi punje ya ulezi, na kuipachika kwenye tundu lake kulitaka mtu abane pumzi, hivyo mama kwa miaka zaidi ya thelathini alikatazwa kufagia, kufungua dirisha na hata kupiga chafya karibu na meza ile, na tuseme ukweli, hakuipenda kabisa.

Mwaka 2019 marehemu aligundulika kuwa na presha ya macho, lakini alimficha kila mtu, akaendelea kukaa mezani kila asubuhi, mpaka siku moja ya Agosti lenzi ilipomponyoka ikaangukia kwenye ungo wa ulezi ambao mama alikuwa akiuchambua pembeni, naye badala ya kuitafuta akabaki ameinamisha kichwa, ndipo mama akajua kwamba mume wake haoni. Baba alihuzunika sana, si kwa giza lile bali kwa kuona kwamba kazi yake imekwisha. Mama aliubeba ungo hadi uani, akautandaza ulezi juani, akaona punje moja inang'aa, akaiokota kwa vidole vilivyozoea kutoa mawe, akarudi ndani na kuipachika mwenyewe, kisha akamuuliza Baba Herieth kama ni kwa shughuli hii kweli alimnyima kupiga chafya miaka yote hiyo.

Kuanzia hapo walifanya kazi wawili, yeye akisugua kwa kupapasa, mama akipachika, kisha baba akikagua kwa ncha ya ulimi, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vigumu kwa miaka ya spana, na wakatoa vichwa kumi na kimoja kwa kicheko kilichosikika mpaka barabarani.

Machi 2025 moyo ulianza kumsumbua, akiwa kwenye kichwa cha kumi na mbili, mfano wa kile alichokabidhiwa siku yake ya kwanza kazini, na alitamani sana kukimaliza kabla hajaondoka. Tarehe 17 Juni mama alipachika lenzi ya mwisho, ile ya kushoto, akamwambia imekaa sawa. Marehemu akaigusa kwa ulimi, akacheka, akasema imepinda, na mama alipotaka kuing'oa akamkataza, akasema iachwe hivyo hivyo, ili kila atakayeitazama ajue kuwa Rozina naye alikuwepo. Alifariki Jumamosi tarehe 21 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa karakana waliosafiri kutoka Mbeya, jumuiya iliyosali nasi, na jirani yetu mama Kabula, ambaye sufuria zake bado ziko jikoni kwetu. Kichwa cha treni mnachokiona hapo juu ya jeneza hakitazikwa, kitarudi nyumbani na mama.

Baba, pumzika kwa amani, ile taa ya kushoto hakuna atakayeinyoosha.