Hatua Mia Mbili na Kumi na Tisa

Pale Trešnjevka, mtaa mmoja wa Zagreb, tramu inapokata kona ikilia kama mtu anayeng'olewa jino, pana benchi mbili na katikati yake meza ya zege iliyochorwa ubao wa sataranji. Juu yake ni dirisha la jiko la Ljerka, na kahawa hutoka dirishani hapo, birika moja kwa asubuhi. Ikiisha imeisha, hata aje askofu. Jumamosi hiyo ya Oktoba Štef alifika kabla ya wote. Aliendesha tramu miaka thelathini na moja, ndiyo maana wakamwita Breki. Akapanga kete moja moja, akiziinamia mpaka pua karibu iguse ubao, maana macho nayo yalishaanza kumkimbia. Malkia weupe walikuwa tisa, kwa kuwa askari wake wote wanane walishafika mwisho wa ubao wakageuka malkia. Na seti moja haina malkia tisa, hivyo, mbali na yule wa seti, sita waliazimwa nyumba za jirani, wa nane alikuwa kichupa cha pilipili, na wa tisa kizibo cha chupa ya rakia, pombe kali ya matunda. Mfukoni mwa koti alikuwa na bahasha iliyokwisha andikwa anwani ya gazeti la mafumbo ya sataranji. Rekodi ilikuwa hatua mia mbili na kumi na nane, ndizo nyingi kuliko zote ambazo mchezaji aliwahi kuwekewa mbele yake achague moja, na ilikuwa imedumu miaka ishirini na ushei, tena kazi ya mtu wa mji huu huu. Štef aliamini anazo mia mbili na kumi na tisa. Hiyo moja ya kuzidi ameitafuta miaka kumi na tisa. Posta inafungwa saa sita mchana, na Jumatatu binti yake Vesna anakuja kumchukua akaishi naye Graz, ng'ambo ya mpaka. Alitaka bahasha igongwe muhuri wa Zagreb.

Wa kwanza kutokea alikuwa Waziri, ambaye uwaziri wake ni kwamba aliwahi kukaa saa mbili kwenye korido ya wizara akingojea karatasi. Nyuma yake Profesa, aliyekuwa mpiga kengele wa shule.

— Breki, umelala hapa? — Profesa akauliza.

— Kaeni. Leo mnahesabu.

— Si tulihesabu majuzi? — Waziri akajishusha kwenye benchi kama gunia.

— Majuzi ulipata mia mbili na tatu. Ulisinzia kwenye malkia wa sita.

— Sikusinzia bwana. Nilikuwa nampa heshima yake.

Sheria ya benchi lile ni kwamba hesabu si hesabu mpaka watu watatu, mwenye fumbo akiwa hayumo, wahesabu kila mtu kivyake na wafike namba moja. Ilitungwa baada ya Franjo, Mungu amrehemu, kutuma fumbo lenye tundu. Gazeti lilimcheka kwa mistari miwili tu, na Franjo hakuonekana tena kwenye benchi. Siku hizo Štef alimwona mara kwa mara akipanda tramu kituo cha mbali, ili asipite hapa kwa miguu.

Ljerka akafungua dirisha, akatoa vikombe vitatu kwenye sinia.

— Mimi nahesabu kutoka huku huku, — akasema. — Nina bakuli la maharage. Kila hatua, harage moja.

— Maharage hayajui sataranji, — Profesa akasema.

— Na wewe je? Hesabu, mzee, kahawa inapoa.

Wakahesabu. Tramu nne zikapita. Waziri alikuwa akinong'ona namba na kuzipoteza, anarudi nyuma, anapuliza kahawa. Štef hakunywa. Alikuwa amekaa upande wa mweupe, upande wake wa siku zote, akiwatazama vidole vyao vikitembea hewani juu ya malkia wake.

— Mia mbili na kumi na tisa, — Profesa akasema, akafuta miwani.

— Maharage mia mbili na kumi na tisa, — Ljerka akajibu dirishani.

— Mia mbili na kumi na sita, — akasema Waziri.

Štef akafumba macho.

— Waziri. Mfalme wetu, umemhesabia hatua zake?

— Mfalme gani atembee ana wake tisa? Huyo amekaa, amechoka. Nilimwacha apumzike.

— Mhesabie, ndugu yangu. Nakuomba.

— Haya. Moja, mbili, tatu. Na tisa hiyo. Furahi basi.

Walikubaliana. Lakini Štef aligundua kwamba hana nguvu ya kufurahi. Furaha nayo ilikuwa imesubiri mno ikaondoka zake. Akapapasa bahasha, akaiacha hapo hapo.

— Mimi najua kwa nini ile rekodi haikuvunjwa miaka yote hiyo, — Profesa akaanza. — Ubao una mipaka yake, kama tumbo. Mia mbili na kumi na nane ukishashiba, basi. Wewe Breki umeongeza kijiko baada ya kushiba. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimehusika wapi hapo? — Ljerka akauliza.

— Kimejaa!

— Sivyo, — Waziri akasema, ameamka sasa. — Wakubwa ndio hawakutaka. Mtu wa kawaida akijua kwamba kuna mahali ana hatua mia mbili na kumi na tisa za kuchagua, kesho ataamka adai hata tatu kazini. Mimi nimekaa wizarani, nayajua mambo yao.

— Umekaa kwenye korido.

— Korido ni ya wizara gani, ya mama yako?

— Mnakosea wote, — Ljerka akasema, viwiko juu ya kizingiti. — Tazameni huyu mweupe. Ana malkia tisa, na mwenzake kabaki na mfalme na askari wawili. Anaweza kummaliza sasa hivi, tena kwa njia chungu nzima. Mbona hamalizi? Mimi nasema ni mwanamume mjane. Akimaliza mchezo itabidi aende nyumbani.

Štef alizikwa pamoja na mkewe mara mbili, walikuwa wakisema watu: siku ya kaburi, na siku aliposikia anahamia Graz. Ljerka akaona alichosema, akashika birika.

— Nikuongeze, Štef. Imebaki ya kikombe kimoja.

— Wape wao.

Ndipo alipokuja mwanamke akichechemea, bandeji nyeupe kwenye kifundo cha mguu, akaomba akae asubiri tramu namba kumi na mbili.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni! — Waziri akachangamka. — Karibu mama, tena wewe umeileta ya kwako kabisa.

— Niliteleza kwenye majani, — mwanamke akasema, akakaa upande usio na mtu, upande wa mweusi. — Mwacheni mguu wangu. Kha! Malkia wote hawa! Nani anacheza?

— Hakuna anayecheza, — Profesa akamweleza kwa sauti ya darasani. — Hili ni fumbo. Zamu ni ya mweupe, naye anaweza kwenda hatua mia mbili na kumi na tisa tofauti. Hakuna duniani aliyefika hapo. Wewe umekaa mbele ya historia, mama.

— Mungu wangu! — Akautazama ubao kwa adabu. Mbele yake, kwenye kona, alikuwa mfalme mweusi. Askari wake wawili walimkinga, mmoja mbele, mmoja kwa mshazari, na ubavuni alikuwa amebanwa na farasi mweupe. — Baba yangu alinifundisha mwendo tu, sijui mafumbo. Kwa hiyo sasa ni zamu ya mweupe?

— Ndiyo.

— Na mweusi, ametoka kucheza nini?

— Mweusi hatumhesabu, — Waziri akasema.

— Najua. Nauliza tu, kama zamu ni ya huyu, basi yule ndiye aliyetoka kucheza. Alicheza nini?

— Alimsogeza askari, — Profesa akasema haraka.

— Yupi? Hawa wote wako pale pale wanapopangwa mchezo ukianza. Askari harudi nyuma, au siku hizi anarudi?

— Basi mfalme.

— Alitokea wapi? Hapa wamo askari wake. Hapa yumo farasi wenu.

— Farasi alikuja baadaye!

— Baadaye lini, baba, na aliyecheza mwisho ni mweusi?

— Alikuwepo mweusi mwingine, — Waziri akajaribu. — Akacheza, akaliwa.

— Akaliwa na nani? Mweupe hajacheza bado.

Ljerka akatoa kichwa chote nje ya dirisha. Tramu namba kumi na mbili ikaja, ikalia kwenye kona, ikasimama, ikaondoka, na mwanamke hakuinuka.

Štef alikuwa ameshaona: mweusi hakuwa na hatua yoyote aliyoweza kutoka kuicheza, kwa hiyo hali ile haiwezi kutokea mchezoni, na fumbo lina tundu. Aliona alipoulizwa mara ya kwanza, kabla ya hao wengine kuanza kubahatisha. Kichwani alimwondoa farasi: malkia wa mstari ule akamwangukia mfalme na zamu si yake, haifai. Akamsogeza askari mmoja mbele: njia ikafunguka, vile vile. Akaongeza kete nyeusi pembeni ili nayo iwe ndiyo iliyotoka kucheza: ikaziba njia, hatua zikashuka mpaka mia mbili na kumi na saba. Miaka kumi na tisa amehesabu za mweupe, usiku kwa mchana, na hata siku moja hakumuuliza yule wa konani kafikaje pale.

— Kumbe sikupaswa kuuliza, — mwanamke akasema, akiwatazama usoni mmoja mmoja.

— Umeuliza sawa, mama, — Štef akasema.

— Sikiliza Breki, — Waziri akasema chini chini, akamshika mkono. — Ni saa tano na nusu. Posta ni pale tu. Sisi watatu tumehesabu, sheria imetimia. Gazetini watahesabu za mweupe kama sisi. Nani ataona?

— Mimi nimeshaona.

— Na utakuwa Graz! Hata wakicheka, hutasikia!

Štef akainuka kwa kushika meza, goti kwanza, kisha mgongo, akazunguka polepole mpaka ng'ambo, kwenye benchi ambalo hakuwahi kulikalia.

— Sogea kidogo, mama, — akasema, akakaa upande wa mweusi, bahasha ingali mfukoni, akaanza kuutazama ubao.