Visima 408 vya Mzee Yeremia Mkumbo

Mzee Yeremia Mkumbo anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na miwili katika Kituo chetu cha Kumbukumbu za Visima hapa Kiomboi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wa kuchangamsha. Nimejaribu. Wanaonifahamu, mimi Radhia wa meza ya pili, wanajua kwamba kuficha huzuni sikuwezi, kwa hiyo mnivumilie.

Aliajiriwa mwaka 1993 kama mpimaji wa visima, akizunguka kwa baiskeli kutoka Iguguno hadi Shelui na kamba ya kupimia begani. Kompyuta ilipoletwa kituoni, wenzake waliifunika kitambaa isiingie vumbi. Yeye aliifunua, akajifundisha kwa kitabu kimoja kisicho na jalada, na mwaka 2003 akatutengenezea lugha yetu wenyewe ya kuiamrisha, kwa Kiswahili. Aliiita Weka.

Raha ya Weka ilikuwa kwenye vigeu. Kigeu ni jina unalolibuni mwenyewe, kisha unalikabidhi namba. Ukiandika “weka kisima_cha_kanisa ni 14”, kompyuta inashika kwamba maji yako mita kumi na nne chini. Kila kiangazi unaongeza kipimo kipya chini ya jina lilelile, na ukilitaja inakurudishia vyote. Mzee Yeremia hakumpangia mtu jina, maana mpimaji ndiye anayekijua kisima chake. Watu wakajiachia. Klara alikuwa na kisima kikavu kiitwacho ahadi_ya_diwani. Gaspari wa Iguguno alikiita kisima cha maji ya chumvi mama_mkwe, na siku mama mkwe mwenyewe alipotembelea kituo, Mzee Yeremia alisimama mbele ya kompyuta saa nzima akiziba kioo, akijifanya anatengeneza koti lake.

Tulicheka sana miaka ile. Sasa nieleze kilichotufika.

Kompyuta ile ilikuwa na nafasi finyu, kwa hiyo Mzee Yeremia hakuhifadhi majina yenyewe. Kila jina lilisagwa kwa hesabu likawa namba ndefu, na namba hiyo ndiyo iliyoonyesha vipimo vimewekwa wapi. Ukilitaja tena linasagwa vilevile, unafika palepale. Lakini ukiwa na namba tu, jina hulipati, kama vile huwezi kuudai unga urudi kuwa mahindi. Wala hakuweka amri ya kuorodhesha majina. Aliniambia hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kusahau jina alilolitoa mwenyewe. Na kwamba wapimaji watakufa, hilo nalo hakulifikiri.

Januari tukaambiwa mfumo mpya unakuja, na mashine ya zamani ikabidhiwe siku hiyohiyo anayostaafu. Weka haikubali kufanya kazi kwenye mashine nyingine, tumejaribu tatu. Basi miezi yake sita ya mwisho Mzee ameimaliza kwenye mabasi, akiwafuata wapimaji wa zamani na kumuuliza kila mmoja kisima chake alikiitaje. Mashine ina vigeu 1,312. Majina tuliyoyapata ni 904. Vilivyobaki 408 ni safu za namba ambazo hakuna anayejua ni za kisima gani.

Zinazouma kuliko zote ni za Theresia wa Shelui, aliyepima visima ishirini na kimoja kwa miaka kumi na minane, akafariki mwaka juzi. Wachimbaji wanakwenda kijijini kwake Agosti kutoboa kisima kimoja tu, na vipimo vyake ndivyo vingewaonyesha mahali ambapo maji hayakauki. Wakibahatisha na kukosa, hawarudi karibuni. Mumewe, Laurenti, tulimkuta akipepeta alizeti. Alitupatia viti, akaweka ungo chini.

“Ningekuwa najua ningekuambia, mzee mwenzangu,” alisema. “Visima alikuwa anavitania hukohuko. Nyumbani alikuwa anarudi amechoka tu.”

Njiani kurudi, mimi na Mzee Yeremia tulishuka Misigiri kubadilisha basi. Pale akaniambia, “Radhia, huyu mama nimemzika mara ya pili.”

Tangu hapo anabahatisha. Amejaribu majina ya watoto wa Theresia, ya mbuzi wake, nyimbo za kwaya yake, miti yote kwa Kinyiramba. Kila akikosa, Weka inamjibu kwa maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe mwaka ule wa 2003: “Sijui. Ulikiitaje?” Amelisoma jibu hilo mara nyingi mno mwezi huu. Mtu aliyetuamini kiasi hicho hakustahili kumaliza kazi namna hii, na inaniuma kwamba kwa miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumuuliza majina yanatunzwa wapi.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa visima 904, na kwa hivyo vingine pia. Tunakuombea afya, usingizi mtulivu, na miaka mingi kwenye shamba lako la alizeti.

Sherehe inaanza saa nane mchana ukumbini. Mwenyewe hatakuwa meza kuu. Atakuwa chumba namba tatu, mbele ya mashine, mpaka izimwe saa kumi kamili. Kama uliwahi kuchota maji na Theresia, ukamsikia akikiita kisima kwa jina lolote, hata la kipuuzi, tafadhali pita huko kwanza kabla ya kula. Mlango utakuwa wazi.