Mpima Ventrikali na Pazia la Chumba cha Chai

Ijumaa hii, tarehe 28, saa tisa na nusu alasiri, fundi wetu wa vipimo vya moyo ataifunika mashine yake kwa kile kitambaa cha kijani na kukabidhi ufunguo wa Chumba Namba 6. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Katika muda huo amepima mioyo zaidi ya elfu sitini, amechelewa kazini mara mbili, na amecheka, kwa kumbukumbu za sisi tuliopo, mara sifuri.

Mimi ni karani wa mapokezi. Dirisha langu linatazamana na mlango wake, hatua nne tu, na nimekaa hapo miaka kumi na tisa. Nilipoombwa kuandika wasifu huu nilishika kalamu kwa mbwembwe, nikaandika jina lake la utani, Mzee Ukuta, kisha nikakwama. Sikujua ana watoto wangapi. Sikujua kama chai yake ni ya sukari au haitiwi sukari. Aibu hiyo ni yangu, na naisema mapema ili isinisumbue huko mbele.

Kazi yake naijua zaidi kuliko ninavyomjua mwenyewe. Amefundisha mafundi kumi na mmoja, na wote aliwaanzia pale pale: huchora nyumba nyuma ya kadi ya miadi na kusema moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu. Viwili vya chini, vinavyoitwa ventrikali, ndivyo vyenye kazi ya sulubu. Ventrikali ya kulia hupeleka damu kwenye mapafu, hapo jirani tu. Ya kushoto huisukuma mwili mzima, tangu utosini hadi ukucha wa kidole cha mguu, ndiyo maana ukuta wake ni mnene. Shinikizo la damu likiachwa bila dawa, ukuta huo huzidi kunenepa hadi nafasi ya damu ikabana. Ikichoka kabisa, ventrikali hutanuka na kulegea kama mpira wa soksi kuukuu, na mtu huanza kuvimba miguu na kulala ameketi. Wengine huzaliwa na tundu kwenye ukuta unaozitenga ventrikali mbili. Yote haya fundi huyaona kwenye kioo kabla ya mtu mwingine yeyote, na hana ruhusa ya kuyasema. Majibu hutolewa na daktari.

Basi wagonjwa humsoma usoni. Nimewaona kina mama wenye watoto wachanga wakimkodolea macho tangu mlangoni. Hawakuambulia kitu. Hata tundu likiwa dogo, la kujiziba lenyewe mtoto akikua, uso wake ulibaki vile vile, na mama akaenda kungoja kwenye benchi na wasiwasi wake.

Mwaka mmoja mgonjwa alianguka pale kwenye korido. Ventrikali zake zilikuwa zimeacha kupiga, zinatetemeka tu, na hali hiyo haisubiri mtu aitwe kutoka ghorofa ya pili. Mzee Ukuta alipiga magoti, akamkandamiza kifua dakika tisa mpaka mashine ya kushtua moyo ikafika. Mgonjwa alizinduka. Sisi tulilia, tukakumbatiana. Yeye alipangusa magoti, akaita namba inayofuata. Siku hiyo tulisema huyu mtu hana moyo. Nilisema mimi, kwa kweli, na wengine wakaitikia.

Chai hakunywa nasi. Saa nne alichukua kikombe chake, akaitikia shikamoo za vijana kwa marahaba fupi, akarudi chumbani kwake na kufunga mlango. Mkewe alipofariki, miaka saba iliyopita, tulikwenda kuhani, tukakaa nusu saa, tukatazamana, tukaaga. Jumatatu alikuwa kazini. Hakuna aliyegonga mlango wake saa nne. Tulijiambia kwamba anapenda upweke.

Nami niliyekwama, nifanyeje? Juma lililopita, wagonjwa walipokwisha, nilivuka zile hatua nne na kugonga. Nilimweleza kuwa nina karatasi tupu na siku tatu. Alinivutia kiti cha wagonjwa.

Alinisimulia habari za dereva wa lori la maji. Ilikuwa mwaka wake wa tano kazini. Dereva huyo alikuwa mcheshi. Alipoisikia damu yake ikivuma kwenye spika ya mashine, aliuliza ni nani amewasha lori lake bila ruhusa. Fundi wetu alicheka mpaka akaangusha kipimio. Kwenye kioo, wakati huo huo, ventrikali ya kushoto ilikuwa imetanuka na inasukuma chini ya theluthi ya damu yake. Alimwambia akamngoje daktari kwenye benchi. Dereva alilipita benchi, akaenda zake nyumbani. Alirudi baada ya wiki saba, amebebwa, akalazwa wodini siku kumi na moja, akafariki.

Fundi alikwenda kumpa pole mjane. Yule mama hakumlaumu. Alimwambia tu, "Mume wangu alisema mtaalamu mwenyewe amecheka, baba. Ndiyo nami nikalala usingizi."

Tangu siku hiyo aliufunga uso wake, tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu. Nikamuuliza, na chai je? Akanionyesha kwa kidole. Chumba chetu cha chai kina dirisha kubwa la kioo, na dirisha hilo linatazama benchi wanakongojea wagonjwa. Miaka yote nimekaa nikiwapa mgongo, sijapata kuwaza kwamba wanatuona. Kule ndani tunacheka. Yeye angecheka pia. Anasema utani wetu aliusikia kupitia ukutani na mara nyingi ulimshinda, akauma kitambaa.

Hapo nikakumbuka barua. Miaka kumi na minne iliyopita aliomba, kwa sababu za kikazi, dirisha lile liwekwe pazia. Uongozi ukataka maoni ya wafanyakazi. Tuliandika wote kwamba tunahitaji mwanga. Mimi niliongeza kwa mdomo kwamba mzee sasa anataka pazia kama bibi harusi, na chumba kizima kikaangua kicheko. Barua niliiweka kwenye faili kwa mkono wangu. Usilolijua ni usiku wa giza, lakini sisi hata taa hatukutafuta.

Ana watoto wawili, wote mbali. Chai yake ni ya sukari vijiko vitatu, jambo ambalo mpima mioyo hapaswi kuliungama.

Mzee wetu, ahsante kwa kila ukuta uliopima na kila jibu ulilolibeba peke yako hadi kwa daktari. Tunakuombea afya, usingizi mnono, na wajukuu wenye kelele. Najua asubuhi moja haiwezi kurudisha miaka ishirini na sita. Lakini jana mimi na mhudumu wa wodi tulipanda juu ya meza na nyundo. Ijumaa, saa nne, kiti chako ni kile cha karibu na birika, sukari ipo, na pazia limeshafungwa. Njoo ucheke.

Karani wa mapokezi, dirisha la pili