Bi Areti, Bomba la Shaba na Jina kwenye Bango

Bi Areti Sarantidou amestaafu baada ya miaka thelathini na nne ya kufundisha fizikia. Kisheria utumishi wake ulikoma tarehe 31 Agosti, siku ambayo shule ilikuwa imefungwa na hapakuwa na mtu hata wa kumpa mkono. Ndiyo maana tunamuaga leo, siku ya kufungua mwaka wa masomo, Baba Serafim akishamaliza kuturushia maji ya baraka kwa kile kishada chake cha mrehani. Mkuu wetu wa shule, Bwana Koukas, aliniomba niandike ukurasa wa kumuaga. "Uwe mchangamfu, Bi Thomai," akaniambia, "wazazi watakuwepo." Haya, nitajitahidi.

Alianzia kazi kisiwani, kwenye shule yenye upepo mwingi na wanafunzi wachache, ambako alifundisha fizikia, kemia, hesabu na, majira ya baridi meli iliposhindwa kumleta mwalimu wa michezo, mpira wa wavu pia. Alipohamishiwa huku kwetu kwenye tambarare ya pamba, jambo la kwanza aliuliza maabara iko wapi. Akaonyeshwa chumba kilichojaa madawati mabovu na mavazi ya asili ya gwaride la sikukuu ya taifa ya Machi. Jumamosi yake ya kwanza mjini aliitumia kuvitoa vyote kwa mikono yake mwenyewe na kuvirundika kwenye ukumbi wa mazoezi. Bwana Fanis wa michezo, ambaye ukumbi ni wake, hajamsamehe hadi leo, ingawa nimemwona amekuja na maua.

Wote mliosoma hapa mnalijua bomba la shaba. Alipewa na fundi aliyekuja kutengeneza vyoo vya shule. Vyoo bado vinavuja, bomba halina neno. Analisimamisha wima, anadondosha sumaku kwa juu, kisha anakunja mikono. Sumaku inateremka polepole, kama bibi anayeshuka ngazi za kanisa, na hali shaba yenyewe haishikani na sumaku hata kidogo. "Nani kaishika?" ndilo lilikuwa swali lake, mwaka nenda mwaka rudi, na alilisubiri jibu kwa uvumilivu ambao sisi wengine hatukujaliwa. Mimi ni mwalimu wa Kigiriki cha kale, na niliwahi kwenda kukaa nyuma kwenye kipindi hicho kwa raha yangu tu.

Lakini tusidanganyane. Watoto wa mwaka wa mwisho hawaji hapa kusoma, wanakuja kupumzika. Fizikia wanaianza tuisheni tangu Juni, kwa Bwana Vagenas, hapo ng'ambo ya barabara. Wanatoka kule giza limeshaingia, na asubuhi wanatuletea macho mekundu na vikombe vya kahawa baridi. Bi Areti akidondosha sumaku, mmoja anapiga miayo: "Mwalimu, hii tulishaimaliza Julai." Mwingine, mwenye adabu zaidi: "Samahani, mwalimu, inatoka kwenye mtihani?" Bwana Vagenas mwenyewe alifundishwa fizikia na Bi Areti. Ni mtu mzuri, anasalimia. Kwenye vipeperushi vyake ameweka picha ya bomba la shaba.

Pasaka ikipita, hata hao wa kupumzika hawaonekani. Sheria inawaruhusu kukosa vipindi kadhaa kwa mwaka, nao huvitunza kama akiba, kisha huvitumia vyote kwa mkupuo ili wakariri nyumbani na tuisheni mpaka mtihani. Wazazi wanajua, mkuu anajua, wizara inajua. Mwalimu anaingia, anayasalimia madawati, anatoka. Inauma, na asiniambie mtu kwamba hali hiyo huzoeleka, kwa sababu Bi Areti hakuizoea. Alikuwa akiniambia kwamba kabla ya kustaafu anataka kitu kimoja tu: mtoto mmoja aingie chuo kikuu kwa fizikia aliyoisoma hapa, ndani ya kuta hizi, bila tuisheni. Mmoja tu, ili aweze kuondoka akijua kwamba shule bado inafundisha.

Alimpata mwaka wake wa mwisho kabisa. Vaya Tsiamita, binti wa dereva wa mashine ya kuvunia pamba, hakuwa anasoma tuisheni kwa sababu kwao hawakuwa na uwezo, wala hakulificha hilo. Siku ya bomba aliuliza: "Mwalimu, na tukilipasua kwa urefu?" Kesho yake Bi Areti alikuja na bomba la pili, amelipasua kwa msumeno kutoka juu hadi chini, na kidole amekifunga plasta. Wakajaribu. Sumaku ilishuka haraka zaidi, lakini bado haikuanguka kama jiwe. Wenzake wakawa wanatazama simu zao, na hawa wawili wamepiga magoti sakafuni wanabishana kwa nini. Bi Areti aliingia chumba cha walimu akicheka peke yake, nikadhani ameshinda bahati nasibu.

Baada ya Pasaka, Vaya akabaki peke yake darasani. Bwana Koukas akipita koridoni aliingiza kichwa: "Areti, jamani, kwa mtoto mmoja! Mpeleke kantini mkanywe kahawa." Akamjibu bila kugeuka kutoka ubaoni: "Kengele imelia, nina darasa. Nifungie mlango, kuna upepo." Waliendelea hivyo mpaka shule ilipofungwa, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, na chaki ikaisha tukaazima ya shule ya msingi. Vaya akafanya mtihani Juni, na alama yake ya fizikia ikawapita wote shuleni kwetu. Matokeo ya vyuo yalipotoka, jina lake lilikuwa Idara ya Fizikia, Chuo Kikuu cha Ioannina. Bi Areti alinipigia simu analia, nami nikalia, na sioni aibu kulisema.

Wiki haikuisha, bango likapanda ng'ambo ya barabara. Hata sasa mkigeuza shingo mtaliona. Wanafunzi wa Vagenas waliofaulu, na wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa kuliko za wenzake, Vaya Tsiamita, Fizikia. Mtoto ambaye hakuwahi kukaa kwenye kiti cha Vagenas hata siku moja! Watu walikuwa wanampa Vagenas mkono sokoni, hongera, hongera, mtoto wa masikini umemfikisha mbali. Nilitaka kwenda kulichana lile bango kwa kucha zangu. Bi Areti akasema tu, "Ngoja kwanza tumsikie mwenyewe."

Mwenyewe alikuja, na boksi la keki ndogondogo za kugawia watu kwa furaha ya kufaulu, akatukuta kwenye mkahawa wa uwanja wa katikati ya mji. Nikamvaa kabla hajaketi. "Wewe Vaya, lile bango ni la nini? Wamekuibia jina na wewe umekaa kimya?"

"Hawakuiba, Bi Thomai. Niliwapa." Alikuwa anamtazama Bi Areti, si mimi. "Bwana Vagenas alisema nikikubali, mdogo wangu Stathis atasoma kwake bure mpaka amalize shule."

"Na hata haya huoni! Baada ya yote aliyokufanyia mwalimu wako?"

"Mwalimu anaondoka," akasema. "Angebaki nisingekubali, haki ya Mungu. Stathis anaanza mwaka wa pili Septemba, naye anataka fizikia. Basi niambieni nyinyi, nani atamfundisha?"

Mimi, ninayelipwa kufundisha watu kujenga hoja, nikafungua boksi la keki. Bi Areti alichukua keki moja, akaila taratibu mpaka ikaisha, akajifuta vidole. Kisha akamshika Vaya shavu. "Umepiga hesabu vizuri, binti yangu," akamwambia, "wala usimwombe mtu msamaha." Vaya alipoondoka, Bi Areti alibaki amelielekea bango lile, na sijawahi kumwona amezeeka kama siku ile. Alichokitaka alikipata, na hakuna mtu mjini anayejua kwamba alikipata. Sasa mnajua.

Bwana Koukas atasema nimemharibia sherehe. Aliniagiza nimalizie kwa kumtambulisha mwalimu mpya wa fizikia, na ningefanya hivyo kwa moyo mkunjufu, ila hayupo. Tumeahidiwa kwamba ataletwa mtu, pengine pamba ikishavunwa. Mwaka wa pili leo wana fizikia kipindi cha tatu, kwa hiyo kipindi cha tatu wataenda nyumbani, na jioni wale wenye pa kwenda watavuka barabara.

Bi Areti, asante. Asante kwa chaki, kwa kidole chenye plasta, kwa kengele uliyoiheshimu wakati sisi tulishaanza kuiona kelele. Sasa lala mpaka jua likuamshe, ihudumie mikomamanga yako, na Bwana Koukas akikupigia simu kukuomba ushike vipindi viwili vitatu vya kujitolea, usipokee, maana nakujua. Miaka iliyo mbele yako iwe mitamu na miguu isikuume. Funguo za maabara uliniachia mimi, nami ninazo hapa mfukoni. Bwana Fanis ameshaniuliza, kwa adabu zake zote na maua mkononi, kama mavazi ya gwaride sasa yanaweza kurudi mahali pake. Nimemwomba angoje angalau ufike getini.

Thomai Bekiari, Kigiriki cha kale