Wazazi wa Kundi la Pili na Dawa ya Vifuko

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa utafiti; daktari mkuu na wauguzi wa wodi ya watoto; wazazi wenzetu:

Makaribisho

Karibu sana wodini kwetu. Viti tumevitoa chumba cha kusubiria, na kitambaa cha meza yako ni shuka jipya la wodi. Muuguzi mkuu anajua, amejifanya haoni.

Tulikotoka

Miezi minane iliyopita, watoto wetu ishirini na wanne wenye saratani ya damu waligawanywa kwa kura. Kundi la kwanza wangepata dawa iliyofungwa ndani ya vifuko vya polima, vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoisaka seli yenye ugonjwa na kufungukia humohumo. Kundi la pili wangepata dawa ya siku zote, inayopita mwili mzima bila kuchagua. Tulikubali kwa hiari yetu, tukasaini. Dripu zote zilifunikwa karatasi za kaki ili mzazi asijue mwanawe kaangukia wapi.

Siri hiyo ilidumu wiki tatu. Daktari mkuu alisahau kwamba miongoni mwetu yumo msusi.

Mwenzetu huyo huwasuka mabinti wa wodi kila Jumamosi, bure, kwenye benchi la dirishani. Wiki ya tatu, nywele za baadhi yao zilikuwa imara kichwani. Za binti yake wa miaka saba zilibaki kwenye kitana. Akajua mwanawe kaangukia kundi la pili. Alikwenda bafuni akalia sana, akanawa uso, akarudi kumalizia kichwa cha mtoto wa mwenzake.

"Mama, mbona huyo unamsuka vizuri hivyo?" binti akauliza.

"Nafanya mazoezi, mwanangu. Zako zikiota nisije nikakosea."

Mafanikio

Kundi la kwanza, watoto kumi kati ya kumi na wawili damu yao sasa ni safi. Tuliwapigia vigelegele, na havikuwa vya kujilazimisha, maana tumewalea pamoja.

Sisi pia tulianza kumi na wawili. Leo tuko tisa.

Changamoto na ombi

Barua ya ofisi yako inasema kundi la pili lisubiri awamu ijayo, mwakani. Msusi aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mto wa binti yake. Homa ya mtoto inapanda kila jioni, na vidonda vya mdomoni vimemnyima kula tangu Jumatatu. Mwakani ni mbali mno kwake.

Tulishauriwa tuombe mambo matatu ili risala ipendeze. Tumekaa vikao viwili, mengine tumeyakosa. Tunaomba watoto hawa tisa wapewe dawa ya vifuko wiki hii. Tumeambiwa ipo, kwenye jokofu la ghorofa ya juu.

Mungu akupe afya, na wanao wasije wakaijua njia ya wodi hii.

Ni sisi, Wazazi wa Kundi la Pili.

Aliyekusomea ni msusi mwenyewe. Anaomba radhi, hatabaki kwa picha ya pamoja. Binti yake anamsubiri kitanda namba nne, hatua ishirini kutoka hapa. Ukipenda, fuatana naye.