Bakteria Bilioni Hamsini

Benchi la kijiweni limeegemea ukuta wa karakana ya makochi, na mwenye karakana ndiye Sponji. Wamemwita hivyo kwa sababu ya kazi yake, na pia kwa sababu umbonyeze utakavyo kwa maneno, hakasiriki, anarudi palepale. Alasiri hiyo alitoka duka la dawa na kichupa cheupe, akakiweka kwenye benchi kati ya vikombe na birika la kahawa lenye makaa chini yake, akakitazama kama mtu aliyepokea mgeni asiyemjua. Mkewe alikuwa amemaliza antibayotiki za kifua, na tangu hapo tumbo lake halijatulia. Muuza dawa alimtolea vichupa viwili, Sponji akashindwa kuchagua. Akachukua hiki kwa makubaliano kwamba asipokifungua, anaweza kukibadilisha kabla duka halijafungwa.

– Nini hiyo? akauliza Kinyozi, ambaye saluni yake inatazamana na benchi. Muda huo alikuwa na mteja ndani, amenyolewa nusu kichwa.

– Probayotiki. Bakteria wazuri. Unawameza, wanatengeneza tumbo.

– Unawameza wazima?

– Wazima.

Kinyozi akasogeza kikombe chake mbali na kichupa.

– Nyie hamjui kitu, akasema Dokta. Dokta hakuwa daktari; alilinda geti la hospitali miaka mingi, na ubishi wowote wa afya aliuamua yeye. 

– Antibayotiki ni fagio, bwana, akaendelea. Inazoa wabaya na wazuri pamoja. Sasa hawa ni wapangaji wapya, wanahamia nyumba tupu.

Sponji akaona maneno hayo yana akili. Shida ya Dokta ni moja tu, hajui pa kuishia.

– Wako wangapi humo? akauliza Bosi, muuza vocha, ambaye hajawahi kumwajiri mtu hata siku moja.

– Bilioni hamsini, kila kidonge. Kile kingine kina bilioni kumi.

– Toba! Watu wa dunia nzima hawafiki bilioni kumi, na tunagombania nafasi kila siku. Hamsini watakaa wapi ndani ya shemeji, na alivyo mwembamba?

– Ni wadogo hao, Bosi.

– Hata wawe wadogo! Chukua wale kumi, waingie kwa zamu.

– Wapi! akadakia Kinyozi. Wengi ndio dawa. Tumboni kuna vita. Ule mngurumo unaousikia, unadhani nini?

– Njaa.

– Mizinga, ndugu yangu! Mizinga!

Sponji akacheka, akakiinua kichupa aisome lebo.

– Muuza dawa anasema idadi peke yake si kitu. Cha kuangalia ni aina. Kuna inayosaidia mtu aliyeharishwa na antibayotiki, na kuna nyingine hata haimgusi. Halafu uangalie tarehe, na wanavyotunzwa. Hapa wameandika… weka mahali pa baridi.

Wote wakatazama pale kichupa kilipokuwa kabla hajakiinua. Kilikuwa kimekaa ubavuni mwa birika, karibu na makaa.

– Umeua kijiji kizima! Bosi akapiga kelele.

Kinyozi akakinyakua mkononi mwa Sponji, akavuka mbio, akakiweka mbele ya feni ya saluni. Mteja wake akaachwa na joto lake.

– Sasa niwape siri, akasema Dokta, akishusha sauti. Hao wakishazoea, wao ndio wanaoamua. Ukitamani kitu kitamu, si wewe. Kuna kikao kimekaa tumboni.

– Kumbe! akasema Bosi. Ndiyo maana mke wangu alinikubali. Hakuwa yeye yule!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Pembeni, dereva aliyekuwa ameleta kitambaa cha makochi alikuwa akinywa kahawa yake wima. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika pale.

– Samahani, wakubwa, akasema. Huyo mgonjwa, tumbo linamfanya nini hasa?

Macho yote yakamgeukia Sponji.

– Linamsumbua.

– Ndiyo, linamsumbuaje? Linauma? Limejaa gesi? Anaharisha?

Mawazo ya Sponji yakarudi nyumbani. Alimwona mkewe jikoni, mkono tumboni, akisema, "Tumbo tu, litapita." Naye alivaa viatu upesi, akafurahi kwamba amepata cha kufanya. Hata dukani alisema neno hilohilo moja, tumbo, na maswali ya muuza dawa akayajibu kwa kukisia.

– Dokta? akaita Kinyozi.

– Mimi nilikuwa getini, akasema Dokta polepole.

Sponji akainuka, akaenda nyumbani bila kuaga. Mkewe alikuwa anakunja nguo.

– Mbona mapema leo?

– Tumbo linakufanyaje?

– Si nilikwambia?

– Uliniambia ni tumbo. Mimi sikuuliza zaidi.

Mkewe akaliweka chini shati alilokuwa akikunja.

– Naona damu nikienda haja, akasema. Kidogo. Nilinyamaza, maana nakujua, ungeanza kuuliza watu kijiweni.

Sponji akachukua funguo, wakaenda hospitali jioni ileile. Daktari akasikiliza, akapima choo, akasema ni maambukizi ya utumbo, yanatibika, na wamefanya vyema kuwahi. Habari za bakteria wazuri zingoje kwanza. Akimaliza dawa, watazungumza kama anawahitaji, na aina gani.

Wakakaa kwenye viti vya ukumbini kusubiri dawa.

– Na mgongo? akauliza Sponji. Jana ulikuwa umeushika.

– Mgongo hauna neno.

– Na kichwa? Usingizi je, unapata?

– Wee mwanaume, utanimaliza kwa maswali.

Lakini alisema hivyo huku akiegemeza kichwa begani mwa mumewe, kisha akaanza kumweleza habari za usingizi.